Wiki Sita za Soseji Zisizo na Chumvi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na unaposoma barua hii naomba uwe umekaa chini na chai yako iko karibu, kwa sababu ni ndefu na mimi si mtu wa kalamu, mimi ni dobi, nafua na kupiga pasi nguo za watu huu mwaka wa ishirini na saba, na muda wote huo sijamwandikia mtu chochote zaidi ya kile kikaratasi cha kubana kwenye shati kuonyesha ni la nani.

Nianze kwa kushukuru, maana nisipotanguliza shukrani utadhani nalalamika, na mimi silalamiki. Mke wangu yu hai. Miezi miwili na siku kadhaa iliyopita alishikwa na homa kali ya mapafu, akalazwa siku kumi na nane, na siku nne kati ya hizo hakunitambua kabisa, akawa ananiita kwa jina la marehemu kaka yake na mimi naitika tu, naam, niko hapa, na leo yuko nyumbani, anatembea, anacheka, anagombana na jirani kuhusu kamba ya kuanikia nguo, na kila nikimsikia sauti inapanda kule uani mimi moyoni nasema asante, ongeza sauti mama watoto, ongeza. Kwa hiyo ujue barua hii inatoka kwa mtu mwenye furaha, ila furaha yenyewe imeingia doa, na aliyelitia ni mimi ambaye riziki yangu ni kutoa madoa.

Mke wangu ni mpishi. Simaanishi mpishi wa nyumbani tu, namaanisha mpishi wa kuajiriwa, mpishi mkuu wa kantini ya chuo cha wauguzi, anapikia watu mia tatu kwa siku na anaweza kupita kwenye sufuria, akadondosha tone moja kiganjani, akalilamba na kusema, "Hii imekosa limau." Na nyumbani kapika yeye miaka yote hii, mimi nikirudi nakuta sahani imefunikwa, nafunua, nakula, nanawa, naenda kujinyoosha. Sasa alipotoka hospitali alikuwa hana nguvu hata ya kuinua birika, ikabidi niingie jikoni mimi, na mimi na kikaango hatujawahi kupatana tangu ujana wangu, mafuta yakiruka na mimi naruka, yai la kwanza nililompikia liliungua chini huku juu bado linanitazama.

Hapo ndipo inapoingia mashine ya wafo. Mwaka juzi kuna mteja wetu alikuwa anahama mji, akatuachia kifaa cha umeme kama zawadi ya kuagana, kinafunguka na kujifunga kama kitabu, ndani kina vibati viwili vizito vyenye vijumba vya mraba, na mimi kwa akili zangu za kidobi nikajua moja kwa moja kwamba hii ni pasi ya kisasa ya kutia urembo kwenye kitambaa, nikaipasha moto, nikaweka leso yangu nyeupe katikati, nikafunga, nikasubiri mvuke uishe, leso ikatoka imejaa miraba iliyosimama vizuri ajabu. Nikampelekea mke wangu kwa mbwembwe zote. Alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Baba watoto," alisema akijipangusa machozi, "umepiga pasi leso kwenye mashine ya kuokea vikate! Wafo hiyo! Watu wanamimina uji wa unga humo!"

Tukaipandisha juu ya kabati na leso ile anayo mpaka leo, anaiweka kwenye mkoba wake, anasema akiwa na siku mbaya kazini anaitoa na kuitazama.

Basi siku ile nimeshindwa na yai, nikainua macho nikaiona mashine kule juu, nikasema moyoni, wewe ndiye mwenzangu, wewe ni pasi, na pasi nazijua. Mke wangu alikuwa anatamani soseji za asubuhi lakini za dukani alisema zina ngozi ngumu zinamkwama kooni, akasema tutengeneze zetu zisizo na ngozi, akanielekeza akiwa kitandani na mimi nimesimama mlangoni na bakuli kama mwanafunzi: nusu kilo ya nyama ya kusaga yenye mafuta kidogo, kijiko kidogo kimoja cha chumvi kisichojaa, nusu kijiko cha pilipili manga, punje mbili za kitunguu saumu zilizopondwa, kungumanga ya kukwangua kidogo tu, sukari kiasi cha kushikwa na vidole viwili, maji ya baridi vijiko viwili vikubwa, halafu kanda mpaka nyama ianze kunata kiganjani, fanya vidonge bapa vya unene wa kidole. Mashine naipasha, naipaka mafuta kidogo, naweka vidonge vinne, kimoja kila kona, nafunga. Hakuna kugeuza, mshauri! Juu na chini vinapata moto kwa pamoja. Na mvuke, hapo ndipo penye kazi yangu, mvuke unatoka pembeni kwa fujo, halafu unatulia, halafu unakuwa mwembamba kama uzi, na ukifikia uzi unafungua, wala haijanidanganya hata siku moja, nakata kimoja katikati kuhakikisha hakuna wekundu, na vingine vimekauka nje vizuri, kahawia, vimejaa miraba, ndani laini. Siku ya kwanza nilipompelekea aliipapasa ile miraba kwa kidole akacheka tena, kicheko cha kwanza tangu hospitali. Niliingia bafuni nikalia kidogo, nikatoka.

Wiki sita, mshauri, chakula cha mchana na cha jioni majirani wakituletea kimeshapikwa, ila soseji ni zangu. Kila asubuhi. Na kila asubuhi, kabla hajatia mdomoni, ananiuliza neno lile lile, "Umeonja?" na mimi namjibu, "Nimeonja, tamu kweli," na ukweli ni kwamba sijaonja, kwa sababu natakiwa niwe kazini kuwasha tanuri la maji kabla wenzangu hawajafika, mkate wangu naula kule kule kazini na chai ya kikombe cha bati, mimi namwekea sahani, nachukua mfuko wangu natoka. Naye anauma kipande, anatafuna pole pole, anasema, "Kweli, tamu. Asante kwa chakula, baba watoto."

Na hiyo asante, mshauri, ndiyo iliyonivuruga. Nilikuwa natoka pale miguu haigusi chini. Nikaja kujiuliza siku moja nikiwa na pasi mkononi, hivi mimi nimewahi kumwambia mke wangu asante kwa chakula? Nikapekua kichwani miaka ishirini na saba, maana udobi na ndoa nilivianza mwaka mmoja. Nimemwambia chumvi imezidi. Nimemwambia leo umechelewa. Asante sikuiona.

Sasa doa. Mimi nina wanga mzuri wa mahindi mtupu, usio na dawa yoyote, ninaoutumia kwa wateja wachache wanaopenda kola zisimame, na ninaukoroga mwenyewe nyumbani siku za Jumapili, kwa hiyo kopo lake lilikuwa jikoni, na kopo lenyewe lilikuwa kopo kuukuu la chumvi, la pili lake likiwa na chumvi ya kupikia, mke wangu anayajua kwa mahali yalipo, moja kulia moja kushoto. Alipokuwa hospitali mimi nikafanya usafi wa jiko. Nilitaka akirudi akute panang'aa. Nikashusha kila kitu, nikafuta, nikapandisha.

Umeshaelewa, nadhani. Wateja wa kola wakaanza kulalamika wiki baada ya wiki, kola zinalala, mimi nikalaumu hali ya hewa, nikalaumu maji ya bomba, mpaka mwalimu mkuu mmoja mstaarabu sana akaja na shati lake mkononi akasema, "Fundi, mimi simgombezi mtu, lakini hii kola ikilowa jasho shingo inaniwasha kama nimepakwa maji ya bahari." Alipoondoka nikafungua ndoo ya wanga niliokoroga nyumbani Jumapili, nikatia kidole, nikalamba. Chumvi! Nilibaki nimeduwaa na kidole mdomoni, kwa sababu kama chumvi iko hapa, basi jikoni kwangu kuna nini, na mke wangu anakula nini? Na mimi ambaye wanga naujua kwa kuugusa tu, wiki sita nimeuchota kwa kijiko, mkono mwingine umejaa nyama, macho kwenye mvuke, sijagundua.

Nilikimbia nyumbani na aproni yangu, nimejiandaa kuungama na kucheka. Nikamkuta anamalizia zilizobaki na chai ya saa nne. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Za leo umezipatia kuliko siku zote." Nikamega kipande kwenye sahani yake, nikala. Pilipili manga ipo, kitunguu saumu kipo, chumvi hakuna hata chembe. Nikaumeza ulimi wangu.

Na sasa naomba usinichukie. Kesho yake nilimpima. Nilitia chumvi halisi, vijiko vitatu. Mimi mwenyewe nikaonja kwa mara ya kwanza, mdomo ukanikunjamana, nikampelekea hivyo hivyo. "Umeonja?" Nikasema nimeonja, tamu. Akala viwili, akasema, "Tamu kama kawaida, asante." Tangu siku hiyo nimeanza kumwangalia kwa jicho lingine, na nimemwona, mshauri, anasimama mbele ya kabati la viungo, mtu aliyekuwa anachukua bila kutazama, anafungua kopo, analipeleka puani, anatulia, analirudisha mbali kidogo na kusoma maandishi ya nje. Juzi msaidizi wake wa kantini, mama mmoja mcheshi tunamwita Kijiko, alikuja kumjulia hali, akamwambia, "Bosi, rudi haraka, michuzi yangu haina mbele wala nyuma bila ulimi wako," na mke wangu akacheka kisha akaanza kuulizia bei ya mashuka.

Homa imemwondolea ladha na harufu, na anajua, na ananificha. Tarehe moja mwezi ujao anarudi kazini. Nikimwambia najua, naogopa nitamvunja, maana ulimi wake ndio kazi yake na ndio heshima yake. Nikinyamaza, atasimama mbele ya sufuria za watu mia tatu akiwa peke yake na siri yake, aaibike. Na kumwambia najua ni lazima nimwambie nimejuaje, yaani wanga, yaani vijiko vitatu, yaani nimeonja-tamu-kweli ya wiki sita. Nampenda huyu mwanamke kuliko nilivyowahi kumwambia. Nifanye nini?

Wako,
Dobi wa kola zilizolala

*

Bwana Dobi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikicheka, mara ya pili sikucheka sana. Ahsante kwa kuiandika. Kwenye meza hii nasoma barua nyingi za watu wanaohesabiana makosa, na ni nadra kupata mume anayetaka jirani asikie sauti ya mkewe ikipanda. Shikilia hapo. Lakini usianze kujipongeza, maana nina ya kukwambia.

Tuanze na dogo. Wanga mtupu wa mahindi haujamdhuru mtu, wapishi wanautia kwenye mchuzi uwe mzito, na ndio maana vidonge vyako vilishikana vizuri hivyo, kwa hiyo hilo la kukosa usingizi liache. Ila kopo lako la kazini litoke jikoni leo, si kesho, na lisirudi. Leo wanga, kesho itakuwa sabuni ya unga. Na huyo mwalimu mkuu mstaarabu umfulie shati lake upya na umwombe radhi, shingo yake haina kosa.

Sasa vijiko vitatu. Umefanya vibaya, bwana. Mtu katoka kulazwa siku kumi na nane, mwili bado unajikusanya, wewe unamtilia chumvi ya kukaushia samaki ili upate jibu ambalo ungelipata kwa kuuliza! Mkeo si shati, humtupii sabuni kuona kama rangi itatoka. Hilo usilifanye tena, na utalisema mwenyewe mbele yake bila kulipamba.

Halafu hili, na hili ndilo naomba ulisome pole pole. Unasema anakuficha. Mimi nimeirudia barua yako kutafuta mahali alipokudanganya na nimepata shida kupaona. Kila asubuhi alikuuliza neno moja, umeonja? Wewe ulidhani ni mazoea ya mpishi. Mama wa watu alikuwa anakuazima ulimi. Wake umepotea, anajua umepotea, na katika dunia nzima ulimi alioona anaweza kuuamini ni wako. Ukamwambia tamu, akasema kweli, tamu. Alisema kweli kwa sababu wewe ulisema. Wiki sita amekula kwa kukuamini, na wewe ulikuwa hujaonja.

Sikuandikii hivyo ili ulie tena bafuni. Nakuandikia kwa sababu ndani yake kuna habari njema usiyoiona. Unaogopa kumvunja kwa kumwambia unajua. Mtu anayeuliza umeonja kila siku kwa wiki sita amekuwa anabisha hodi mlangoni kwako. Amechoka kubeba mwenyewe, ila hajui aanzie wapi, kama wewe usivyojua. Mfungulie.

Nawe fanya hivi. Kesho mwambie mmoja wa wenzako kazini awashe hilo tanuri la maji. Miaka ishirini na saba umewasha wewe, siku moja halitazimika kwa huzuni. Tengeneza soseji zako kwa kipimo chake, kijiko kimoja kisichojaa, na kabla hujatia, lamba, ujue ni chumvi. Weka sahani mbili. Mbili, Bwana Dobi, maana katika barua nzima nimeona sahani moja tu. Kaa. Na makopo yote mawili yawe mezani.

Ukishakaa, anza na kosa lako, usianze na ugonjwa wake. Msimulie usafi wa jiko, kola, mwalimu mkuu, kidole mdomoni. Aliyekaa sakafuni akacheka kwa ajili ya leso atacheka na kwa hili, na muache acheke mpaka amalize, usimkatize. Kisha mwambie, sikuwa naonja, nilikuwa nasema tu. Kisha vijiko vitatu. Halafu nyamaza. Hapo wanaume wengi huharibu, wanajaza ukimya kwa mawaidha. Wewe umezoea kusubiri mvuke, basi subiri. Atasema mwenyewe. Akisema, usimwambie si kitu, kwa sababu kwake ni kitu, tena kikubwa. Mshike mkono.

Baada ya hapo kuna mambo ya kufanya na si ya kuahirisha. Mpeleke hospitali, aonane na daktari wa masikio, pua na koo, aeleze yote. Mimi si daktari na sitakuahidi chochote, lakini nimewafahamu watu waliopotewa hivyo baada ya homa, wengine ikawarudia kidogo kidogo, na zipo njia za kuizoeza pua upya. Asikae na hofu wakati majibu yapo kwa mtu mwingine. La pili, kama nyumbani mnapikia gesi, asiyesikia harufu haisikii ikivuja. Leo hii chukua povu la sabuni, hilo najua hulikosi, lipake kwenye mpira na maungio yote ya mtungi, ukiona mapovu yanavimba funga na umwite fundi. Na nyama iliyolala kwenye friji iandikwe tarehe, kunusa kusiwe ndiyo kipimo chenu tena.

Kuhusu kantini. Amwambie mkuu wake kabla ya tarehe moja, ukweli wote, na aende na wazo mkononi badala ya kwenda na aibu. Yule Kijiko mwenye michuzi isiyo na mbele wala nyuma ana ulimi mzima na hana kipimo. Mkeo ana kipimo. Hebu fikiri, mwanamke huyu akiwa kitandani hana nguvu ya birika, hasikii harufu wala ladha, alimwelekeza dobi asiyejua kuchemsha yai, kwa vijiko na punje na vidole viwili, na zikatoka soseji laini ndani na kavu nje. Kama si kopo lako zingekuwa na chumvi sawasawa. Upishi wake haukuondoka na homa. Waliokula chumvi nyingi jikoni hupika kwa masikio na kwa macho na kwa viganja pia, ulimi wa kuonja mwisho unaweza kuwa wa Kijiko kwa muda, na wala si aibu. Mwambie hivyo, na mwambie mimi ndiye niliyesema.

Nami nikutobolee siri yangu. Nimeijaribu hiyo soseji yako leo asubuhi, kabla ya kushika kalamu. Nina mashine kama hiyo, nilipewa na binti yangu, nayo ilikuwa imekaa juu ya kabati kama yako. Hukuniambia kwamba mafuta hutiririka pembeni, yamenichafulia kitambaa changu cha meza, kizuri, cha pamba, utanifulia. Niliusubiri mvuke uwe uzi kama ulivyosema, nikafungua, na kweli, kahawia, miraba mitupu, harufu imejaa nyumba nzima. Nikakaa nikala. Mume wangu alifariki mwaka wa nne sasa, na nilipouma kipande cha kwanza nikatambua kwamba hakuna mtu wa kuniuliza kama nimeonja. Wewe unaye. Anakuuliza kila asubuhi. Nenda nyumbani.

Na ile asante uliyoipekua miaka ishirini na saba ukaikosa, usimpe yote kwa mkupuo kama mtu anayefunga hesabu. Mpe kwa kitu kimoja kimoja. Anza na sahani iliyofunikwa. Mwambie, asante kwa kuwa ulikuwa unaifunika. Atakuuliza umepatwa na nini, mwambie nimeanza tu, kesho nina nyingine.

Kisha mtawekeana soseji kwenye sahani, na najua ataifanya kwa mazoea, atakutazama na kukuuliza, "Umeonja?" Usimjibu. Uma kwanza. Tafuna mpaka mwisho, umeze, huku anakutazama. Halafu ndipo umwambie ikoje.

Mshauri wako